Vipande 32 vinapogeuka 2: dhana potofu kuhusu DMA katika Linux

DMA ni njia ya kifaa, kama diski, kusoma na kuandika RAM chenyewe, bila prosesa kuhamisha data.

«Data ikifuatana katika programu, inafuatana pia kwenye RAM.» Si lazima. Programu huona anwani pepe tu, si mahali halisi kwenye RAM. Kurasa zake za KiB 4 huenda zimetawanyika kila mahali. Kwa hiyo draiva hukipelekea kifaa orodha ya vipande.

«Kuunganisha vipande hivyo ni kuvinakili.» Hakuna baiti inayohama. IOMMU, sehemu ya kompyuta inayotafsiri anwani zinazotumiwa na vifaa, huzipa kurasa hizo anwani zinazofuatana machoni pa kifaa, basi.

«Ukiipa dma_map_sg vipande 32, itarudisha 32.» Hiyo ni funksheni ya Linux inayoandaa orodha ya vipande kwa DMA na kurudisha idadi ya vipande vilivyopatikana. Dhana hii ndiyo inayoharibu kazi. Chukua kurasa 32 zilizojaa, yaani KiB 128. Draiva isipotaja kikomo cha kipande kimoja, kikomo ni KiB 64. IOMMU ikiwa kazini, jibu linaweza kuwa 2: nafasi mbili za mwanzo za orodha zinabeba KiB 64 kila moja, na zilizobaki zina urefu wa DMA wa sifuri. Ukizunguka mara 32, unakikabidhi kifaa maelezo 30 matupu. Ukizunguka mara 2 lakini ukasoma sg->length (urefu wa awali) badala ya sg_dma_len (urefu baada ya kuunganisha), unapata 4096 kwa kila kipande: KiB 8 zinakwenda, 120 hazifiki. (Jibu la 0 maana yake imeshindikana, wengi hawalikagui.)

Kosa hili hujificha vizuri. Wanafunzi wa informatike wa Lubumbashi wakijaribia draiva kwenye kompyuta ya mitumba ambayo VT-d (IOMMU ya Intel) imezimwa katika BIOS, vipande 32 vinaingia na 32 vinatoka, kila kitu sawa, hadi msimbo ufike kwenye seva. Washa VT-d, ongeza intel_iommu=on kwenye vigezo vya kuwashia kernel, hakikisha kwa dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kernel). Usiweke iommu=pt, kwani inairuka tafsiri yenyewe ya anwani.

«Basi dma_unmap_sg, inayofuta maandalizi hayo DMA ikiisha, nayo ipewe 2.» Hapana, ipewe 32 zile zile. Kwenye bodi za ARM ambazo DMA haioani na kache ya prosesa, kusema 2 kunasafisha kache ya kurasa mbili tu, na prosesa inaweza kusoma data ya zamani katika zilizobaki. CONFIG_DMA_API_DEBUG, chaguo la kernel la kukagua matumizi ya DMA, italalamika kuhusu hesabu hizo.

«Muungano huu unaonekana kwenye iostat», zana ya takwimu za diski. Hapana. Safu zake za rrqm/s na wrqm/s huhesabu maombi ya diski yaliyounganishwa kwenye foleni, kabla draiva haijayapokea. Hata ukiandika 2 katika nomerges (mpangilio unaozuia muungano huo wa foleni), IOMMU itaendelea kuunganisha.