Siku 120 za kupinga: jodari wa Bahari ya Hindi na somo la Mombasa

Ukinipa mkataba wa kimataifa na dakika kumi tu za kuusoma, siugusi utangulizi. Utangulizi wa mikataba unafanana: unatambua, unakumbuka, unasisitiza. Mimi hukimbilia kifungu kinachoeleza nchi isiyokubali uamuzi inafanyaje. Nimefanya kazi ya sheria za bahari kwa miaka mingi, na sijaona kifungu kinachoeleza ugumu wa ushirikiano wa mataifa vizuri kuliko kifungu cha tisa cha makubaliano yaliyounda Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi.

Tume hii makao yake yako Victoria, Shelisheli. Makubaliano yake yalipitishwa mwaka 1993 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, yakaanza kutumika 1996. Inasimamia jodari na jamaa zake, spishi 16 kwa jumla. Kenya na Tanzania ni wanachama, pamoja na India, Indonesia, Omani, Komoro, Japani, Umoja wa Ulaya na wengine. Hatua ya lazima hupitishwa kwa theluthi mbili ya kura. Kisha kinakuja kifungu cha tisa: mwanachama ana siku 120 za kuweka pingamizi, na akiliweka, hatua hiyo haimbani. Wakipinga zaidi ya theluthi moja ya wanachama, hatua haiwabani hata waliobaki.

Yaani unaweza kushinda kura kwa theluthi mbili leo, ukaamka miezi michache baadaye huna kitu mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa Mombasa. Februari 2023 tume ilifanya kikao maalumu huko kuhusu vivutio vya samaki vinavyoelea. Kwa asiyevijua: ni chelezo dogo lenye nyavu au kamba zinazoning'inia chini yake, na juu lina boya linalowasiliana na setilaiti. Samaki wa bahari kuu hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea, kiwe gogo au mzoga. Boya la siku hizi lina kipima-samaki kinachomwambia nahodha aliye mamia ya kilomita mbali kuna kiasi gani cha samaki chini yake. Meli inafika, inazungusha wavu, inavuta. Wanaolengwa zaidi ni jodari wadogo wenye mistari tumboni, wale wanaojaza makopo. Tatizo ni kwamba chini ya chelezo hilohilo hukaa makinda ya jodari wa mapezi ya manjano na ya jodari wa macho makubwa, ambao hawajazaa hata mara moja. Wote huingia wavuni pamoja. Na chelezo zinazopotea huishia kwenye matumbawe yetu.

Indonesia na nchi nyingine kadhaa za pwani zilileta azimio: vivutio vipunguzwe, visajiliwe, na kila mwaka visimamishwe kwa siku 72. Likapigiwa kura, likapita. Siku zile niliwasikia watu wazima, wenye mvi za vikao, wakisema kwamba kwa mara ya kwanza nchi za pwani zimeshika usukani. Nami niliamini.

Kisha barua za pingamizi zikaanza kuingia. Umoja wa Ulaya, ambao meli zake za Hispania na Ufaransa ndizo zinazotegemea sana uvuvi huu, ulipinga. Hilo lilitarajiwa. Lililouma ni kuona majina ya nchi za pwani pia: Shelisheli, Komoro, na nyinginezo. Pingamizi zikapita theluthi moja, azimio likafa.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema Ulaya imetuonea. Sikatai kwamba nguvu za fedha zipo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Shelisheli ina kiwanda kikubwa cha kusindika jodari, na bandari ya Victoria inaishi kwa meli hizo: mafuta, vibarua, leseni, ukarabati. Ukimwambia waziri wa nchi ya watu wachache namna ile afunge uvuvi wa vivutio kwa siku 72, atawajibu nini wafanyakazi wa kiwanda kile? Pingamizi lake lina hesabu ndani yake. Asiyeijua hesabu hiyo ataendelea kushinda kura na kupoteza maazimio.

Je, kifungu cha tisa kifutwe? Vijana ninaowafundisha huniuliza hivyo kila mwaka. Jibu langu ni hapana, kwa sababu bila mlango wa kutokea, nchi nyingi zisingeingia ndani tangu mwanzo, na tume isiyo na wavuvi wakubwa ndani yake haisimamii chochote. Lakini kutoka kuwe na gharama. Tume ya uvuvi ya Pasifiki ya Kusini inaruhusu pingamizi kwa sababu maalumu tu: kwamba uamuzi unabagua, au unakwenda kinyume na sheria. Anayepinga lazima aseme atachukua hatua gani mbadala yenye matokeo yaleyale, kisha jopo huru linaitwa kupima. Urusi ilipopinga mwaka 2013, jopo liliitwa likatoa maoni yake. Huo ndio mfano ningependa kuuona kwetu. Sasa hivi, barua ya kurasa mbili inatosha.

Bangkok, Mei 2024, tume ilirudi kwenye vivutio na safari hii ikakubaliana bila kura. Walikubaliana idadi kwa kila meli ishuke kwa hatua kutoka 300, na pawe na rejista. Zile siku 72 hazimo. Ni kidogo kuliko Mombasa, lakini inabana. Aliyekaa vikaoni anajua kwamba azimio dogo linalobana lina faida kuliko kubwa lililokufa, ingawa moyo haukubali upesi.

Nirudi nyuma kidogo, maana kuna jambo hatulisemi vya kutosha. Wazo lenyewe la eneo la kiuchumi la bahari, zile maili 200 ambamo nchi ya pwani ndiyo yenye haki juu ya samaki, lilisukumwa na Kenya. Mwanasheria wake Frank Njenga alilileta Colombo mwaka 1971 mbele ya wanasheria wa nchi za Asia na Afrika, na mwaka 1972 Kenya ikapeleka rasimu kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1982 likaandikwa ndani ya Mkataba wa Sheria ya Bahari. Joseph Warioba wa Tanzania aliongoza tume ya maandalizi iliyofuata, baadaye akawa jaji wa mahakama ya bahari huko Hamburg. Tulikuwa miongoni mwa walioandika sheria hii. Kwa hiyo sikubali tunapozungumza kana kwamba tumeikuta mezani.

Mkataba huohuo, kifungu cha 64, unasema kwamba kwa samaki wanaohama mbali, kama jodari, nchi zishirikiane. Maili 200 hazimzuii jodari. Wiki hii yuko maji ya Tanzania, baada ya muda yuko Shelisheli au bahari kuu isiyo ya mtu.

Tanzania ilijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 2016 iliweka mrabaha wa senti 40 za dola kwa kila kilo ya samaki wa bahari kuu. Nia ilikuwa njema kabisa, samaki ni wetu na bei ni yetu. Meli hazikubishana, zilikwenda kuchukua leseni kwa jirani. Mrabaha ukasitishwa baadaye.

Linganisha na visiwa vya Pasifiki. Nchi nane zilizo chini ya Makubaliano ya Nauru, nyingine ndogo kuliko wilaya zetu, zilikubaliana kuuza siku za uvuvi kwa pamoja na kwa bei ya chini isiyovunjwa. Mwaka 2010 mapato yao ya leseni yalikuwa takriban dola milioni 60. Kabla muongo haujaisha yalikaribia milioni 500. Najua hatuwezi kuiga neno kwa neno, kwa sababu wao sehemu kubwa ya jodari wao wanavuliwa ndani ya maji yao, na sisi wengi wanavuliwa nje. Lakini walianza kwa kukubaliana majirani kwanza, ndipo wakaenda meza kubwa. Nchi za kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi zimeshaandika masharti ya chini ya kuruhusu meli za kigeni. Ni ya hiari. Kila nchi inayoyavunja kwa siri ili ipate meli mbili zaidi inampa mwenye meli silaha ya kutumia dhidi ya wote.

Mvutano mkubwa zaidi bado uko mbele. Tangu 2011 tume inajadili vigezo vya kugawana samaki: nani ahesabiwe jodari aliyevuliwa ndani ya maji ya nchi ya pwani na meli ya kigeni? Wenye meli wanasema ni historia ya bendera yao. Nchi za pwani zinasema ni yetu. Mimi niko upande wa pwani, na sheria naiona inatuelekea. Ila mezani wataomba takwimu. Meli za Ulaya zina vitabu vya kumbukumbu vya miaka 40. Sisi tuna madiko mamia, na samaki wengi wanauzwa mnadani alfajiri kabla afisa uvuvi hajafika.

Kwa hiyo nikija dikoni, mtu wa kwanza ninayemtafuta ni karani wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, yule mwenye daftari lililoloa kona. Namuuliza kama anatenganisha jodari wa mapezi ya manjano na wengine, au anaandika tu "jodari". Wengi bado wanaandika "jodari".