Iago Ana Sababu Ngapi?

Ukiuliza kwa nini Iago, katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Othello, anamwangamiza jemadari wake Othello, utajibiwa haraka: alinyimwa cheo. Ni kweli, onyesho la kwanza kabisa linasema hivyo. Cassio kafanywa luteni, yeye kabaki mshika bendera. Lakini tazama anamwambia nani: Roderigo, mtu anayemchuna pesa na ambaye lazima aamini kwamba wana adui mmoja. Maneno ya tapeli kwa anayemtapeli si ungamo.

Anzia kwenye uzungumzi nafsia, pale anaposema peke yake jukwaani, asipokuwa na wa kumlaghai. Mwishoni mwa tendo la 1 anasema anamchukia Othello, na kwamba watu wananong'ona kuwa Othello amelala na Emilia, mke wa Iago. Sikiliza kiunganishi: ni "na", si "kwa sababu". Chuki imetangulia, sababu imepachikwa nyuma yake. Tena anakiri hajui kama ni kweli, ila atatenda kana kwamba ana hakika. Katika tendo la 2 sababu zinaongezeka: naye anampenda Desdemona, mke wa Othello, anataka walipane mke kwa mke, na sasa anamshuku hata Cassio kuwa na Emilia. Hiyo ya Cassio inapita kwa mstari mmoja tu, kisha kimya.

Hapa wengi hukimbilia kauli ya Coleridge, mshairi na mhakiki Mwingereza, kwamba ni uovu usio na sababu unaojitafutia sababu. Nakubaliana naye nusu. Katika tendo la 4 Emilia mwenyewe anamkumbusha mumewe kwamba aliwahi kumshuku na Othello, kwa hiyo wivu ule haukuzushwa jukwaani. Cheo nacho anakipata mwishoni mwa onyesho la 3 la tendo la 3, na haachi. (Ingawa kufikia hapo, kuacha ni kujianika.)

Linganisha na hadithi ya Kiitaliano ya Cinthio, ya mwaka 1565, ambako Shakespeare alichota kisa. Mle mshika bendera anampenda Disdemona, anapuuzwa, na penzi linageuka chuki. Sababu moja, safi. Shakespeare aliikuta mezani akaibana ikawa mistari michache katikati ya nyingine. Ukungu huu kautia kwa makusudi, kwa hiyo mwigizaji anayechagua sababu moja ya kumbeba hadi mwisho atakwama: kila onyesho lidaiwe sababu yake.

Mwishoni Othello anataka ajue kwa nini. Iago, mwenye mistari mingi kuliko wote katika tamthilia, anajibu wasimuulize kitu. Wanachojua wanakijua, na hatasema neno tena.