Kwa nini mjamzito huulizwa habari za kitanzi kabla hajajifungua?

Mama yuko kliniki, mimba ya miezi saba, amekuja kupimwa presha na kusikilizwa mapigo ya mtoto. Nesi anamaliza kujaza kadi, kisha anauliza: "Ukishajifungua, utatumia njia gani ya uzazi wa mpango?" Wengine hucheka. Wengine hununa: huyu hata hajatoka, mwenzake keshaanza kuzuiwa?

Swali hilo lina hesabu yake. Wengi huamini mwanamke hashiki mimba mpaka aone siku zake. Kumbe yai hupevuka kwanza, damu ikafuata wiki mbili hivi baadaye, kwa hiyo yai la kwanza baada ya uzazi huja bila kupiga hodi. Kwa asiyenyonyesha, linaweza kutoka hata kabla ya arobaini. Anayenyonyesha ana kinga, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Akianzishiwa uji, kinga hiyo si ya kutegemea tena.

Wazee walikuwa na njia yao. Woga wa kumbemenda mtoto, yaani imani kwamba wazazi wakikutana mapema anayenyonya atadhoofika, uliwatenga mume na mke kwa miezi mingi, na mzazi aghalabu alirudi kwa mama yake. Leo wenye chumba kimoja cha kupanga Mbagala watatengana vipi? Na Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Sasa tuje kwenye saa. Kitanzi cha shaba, kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya kizazi, huweza kuwekwa ndani ya dakika 10 baada ya kondo la nyuma kutoka, au ndani ya saa 48. Zikipita hizo, mama husubiri hadi wiki ya 4. Kufunga uzazi ni ndani ya siku 7, la sivyo asubiri wiki 6. Vijiti, vile vya kuzuia mimba vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, ndivyo vyenye nafasi zaidi: zamani anayenyonyesha aliambiwa arudi baada ya wiki 6, lakini tangu 2015 mwongozo wa shirika hilohilo unaruhusu awekewe kabla hajatoka wodini. Dakika 10 si muda wa kumweleza mtu jambo jipya, na anayeumwa uchungu hawezi kusemwa kwamba ameamua. Ndiyo maana huulizwa mapema, akiwa ametulia, na ana haki ya kukataa au kubadili mawazo hata akiwa leba.

Kwa Tanzania hesabu hii ina uzito. Waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16. Ule wa 2022 ulikuta 81. Lakini wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walibaki palepale, 32 kisha 31. Mama yuko wodini, huduma iko chumba kingine.

Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, lilianza kuunganisha vyumba hivyo Sri Lanka mwaka 2013, kisha likaja Kenya, Tanzania na nchi nyingine za Asia. Kazi kubwa ni kumfundisha upya mkunga. Kizazi kilichotoka kuzaa ni kikubwa na laini, hivyo hutumia koleo ndefu, mkono mmoja ukiongoza kitanzi hadi juu kabisa ndani ya kizazi, mwingine ukishika kizazi juu ya tumbo. Akikiacha chini, kitatoka. Kweli, kilichowekwa mapema hutoka chenyewe mara nyingi kuliko cha baadaye, kwa hiyo mama akaguliwe wiki ya 6, siku anayompeleka mtoto chanjo.

Ila ufundi peke yake hautoshi. Kama vitanzi vimefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo huondoka saa tisa na nusu alasiri, anayejifungua saa nane usiku ataambiwa arudi Jumatatu.