Je, wajua kebo za intaneti zinazotua Mombasa ni za nani, serikali ama kampuni?

Uliza watu hapa Mombasa intaneti ni ya nani, wengi watakutajia kampuni wanayonunua bando, wengine watasema ya serikali manake ndo inatoa leseni. Lakini ukiufuata waya kutoka baharini mpaka kwa rauta yako utakuta mwenyewe anabadilika badilika njiani.

Tuanze baharini. Kebo zenyewe si kubwa vile watu hudhani, huko kina kirefu ni unene wa paipu ya kumwagilia maua tu, zikikaribia ufuo ndo zinavikwa nyaya za chuma kwa ajili ya mawe na nanga. Kabla ya 2009 hatukuwa na hata moja, ilikuwa setilaiti, bei juu na mwendo wa kobe. Nchi za ukanda huu zilikuwa zimekaa miaka zikijadili kebo ya pamoja, EASSy, na kilichozikwamisha sana ni nani awe na usemi, kuna waliotaka serikali ziishike, kampuni za simu nazo zikasema anayelipa ndo mwenye mali. Kenya ikachoka kungoja, ikaamua kuvuta yake mpaka Fujairah kule Emirati, kama kilomita 5,000, ndo hiyo TEAMS. Ilitua hapa Juni 2009 na rais Kibaki akaja kuipokea mwenyewe.

Basi ukisikia hivyo si utasema TEAMS ni ya serikali? La. Etisalat, kampuni ya simu ya Emirati, ilichukua asilimia 15, hiyo 85 ikawa ya kampuni ya Kenya ambayo ndani yake serikali imekaa pamoja na Safaricom, Telkom Kenya na wengine, yaani serikali ndo iliyoanzisha lakini haikubeba mzigo peke yake. SEACOM nayo, kebo nyingine ambayo ni ya wawekezaji binafsi, ikaanza kazi Julai mwaka huo huo. EASSy yenyewe ikafika 2010.

Sasa mbona serikali isijenge yote iwe yake? Kuna kisa cha Nairobi nakipenda sana. Mwaka 2000 watoa huduma waliweka kituo cha kubadilishana data humu humu nchini, KIXP, manake imeili ya mtu kwenda kwa jirani yake aliye na kampuni nyingine ilikuwa inapanda setilaiti inatoka nje ya nchi halafu ndo irudi, na kila safari ni hela. Telkom Kenya wakati huo ilikuwa ya serikali, na ndo peke yake iliyoruhusiwa kupitisha data ya kimataifa, ikalalamika kwamba inaingiliwa, na mdhibiti wa mawasiliano akakifunga kituo kikiwa hakijamaliza hata mwezi. Kilifunguliwa tena 2002. Fikiria, data ya Mkenya kwenda kwa Mkenya!

Kampuni nazo zina lao, hazikimbilii pasipo na wateja. Ndo maana faiba ya NOFBI, ile ya kufika makao makuu ya kaunti, ilibidi serikali iijenge yenyewe.

Kwa hiyo mimi naona ubishi wa serikali ama private tunaupa uzito kupita kiasi, la kuuliza ni kama huyo mwenye waya anaweza kumzuia mwingine asipite, na je waya ukikatika kuna njia nyingine? Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini iliteremsha nanga pasiporuhusiwa ikaikata TEAMS, na siku chache kabla yake kebo zingine zilikuwa zishakatika Bahari ya Shamu. Mtandao ulisinyaa mpaka nchi jirani, na hapo hisa za nani ni ngapi hazikusaidia kitu.

Ukishatoka baharini mambo yanachanganyika zaidi. Faiba ya kampuni binafsi inaning'inia kwenye nguzo za Kenya Power, ambayo serikali ina zaidi ya nusu ya hisa, na kampuni huilipa Kenya Power kodi ya kutumia nguzo hizo. Halafu inafika kwenye ghorofa yenu Bamburi ama Kizingo, na huko mwenye waya anaweza kuwa landlodi, ashaelewana na mtoa huduma mmoja, ukitaka mwingine unaambiwa hapa ni huyu tu.