Kuchemsha maji ya kisima hakuondoi kila kitu

Jamani hii imani ya "chemsha tu, maji yoyote yanakua salama" imekaa miaka mingi na nusu yake ni kweli kabisa, ukichemsha mpaka yatokote vijidudu vya kipindupindu na taifodi vinakufa, kwa hiyo msiache kuchemsha. Shirika la Afya Duniani linataka kwenye mililita 100 za maji ya kunywa kisionekane hata kijidudu kimoja cha E. coli (bakteria wa kwenye kinyesi), na hapo moto unasaidia sana.

Shida ni floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji kutoka kwenye miamba. Huku Arusha, Meru na Hai visima vingi vinayo kwa sababu ya miamba ya volkano, maji meupe pee, hayana harufu, ila moto haufanyi kitu, tena yakichemka sana maji yanapungua floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo kila lita inayobaki inakua nayo zaidi kidogo. Kiwango cha juu kinachokubalika cha floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi hapo kwa miaka, meno ya watoto yanatoka na mabaka ya kahawia (sio uchafu wa mswaki, msiwagombeze) na kwa viwango vikubwa zaidi hata mifupa inapinda. Na magadi ya kulainishia maharage nayo yana floraidi, hilo wengi hatuliangalii.

Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, huku huku Arusha, wamelifanyia kazi miaka mingi, au mvua iliyokingwa vizuri. Kisima cha mtaa kipelekeni sampuli maabara, pimeni vijidudu na floraidi pia.