In pais: yaliyofanyika nje ya mahakama nayo hufunga

Nimeambiwa tena juma hili: "Wakili, hatukuandikiana popote wala hatukufika mahakamani, kwa hiyo kisheria hakuna kitu." Wanaosema hivi husema kwa uhakika mkubwa, nami nimechoka kulijibu jambo hili mmoja mmoja. Kitu kipo. Mara nyingi kinatosha kumnyang'anya mtu kesi aliyoamini ameshaishinda.

Mambo ya aina hiyo huitwa in pais, Kifaransa cha kale cha mahakama za Uingereza chenye maana ya "nchini": kule watu wanakoishi na kushughulika, mbali na jaji na majalada yake. Mwaka 1628 Edward Coke, mwanasheria mashuhuri wa Uingereza, aligawa estopeli, yaani zuio la mtu kukana alichokwisha kukisema au kukitenda, katika mafungu matatu: ya kumbukumbu za mahakama, ya hati, na ya mambo ya in pais. Mafungu mawili ya kwanza nayaacha, maana hakuna anayeidharau hukumu wala hati yenye muhuri. La tatu, kwa Coke, lilihusu matendo ya wazi juu ya ardhi: kuingia, kukabidhi milki, kugawana, kupokea kodi ya pango. Ukishapokea kodi kwa mtu, huwezi kugeuka kirahisi na kudai kwamba humtambui kama mpangaji.

Leo uwanja ni mpana zaidi. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyotumika huko hadi 2024 na ambayo sheria za Kenya na Tanzania ziliifuata, ilitaja kauli, kitendo na kutotenda. Ukimfanya mwenzako kwa makusudi, au ukimwacha, aamini jambo kuwa ni kweli, naye akatenda kwa imani hiyo, hutasikilizwa ukilikana katika kesi kati yenu.

Watu hukwama kwenye hilo neno kutotenda. Kuna wanaodhani kimya hakina kosa kamwe, na wengine, wakishasoma kidogo, hudhani kila kimya ni ridhaa. Wote wamekosea. Katika kesi ya Pickard v Sears ya 1837, mitambo ilikamatwa na kuuzwa kwa deni la mtu aliyekuwa ameshaiweka rehani. Aliyeipokea mitambo kwa rehani alijua, akazungumza na upande wa mdai kuhusu mambo hayo hayo, asiseme kwamba mitambo ni yake. Alipokuja kuwashtaki wanunuzi, mahakama ilisema mwenendo wake ungeweza kumfunga. Kilichomponza ni kunyamaza pale ambapo mtu mwaminifu angesema.

Sasa linganisha na Ramsden v Dyson ya 1866. Jaji Lord Cranworth alieleza hivi: mgeni akijenga kwenye ardhi yangu akidhani ni yake, nami nikaona anakosea nikamwacha amalize, siwezi kuidai baadaye. Lakini akijenga huku anajua ni yangu, kimya changu hakimpi kitu. Wapangaji waliojenga katika kesi hiyo walishindwa. Basi kabla ya kuuliza nani alinyamaza, uliza kila upande ulijua nini siku ile. Wateja hunieleza kwa kirefu jengo lilivyogharimu, na hilo la kujua hulipita kwa sentensi moja, ilhali kesi yote imelala hapo.

Kuna mipaka. Estopeli haihalalishi kitu ambacho sheria ya Bunge imekikataza, hata mkubaliane mara ngapi.

Ahadi ya siku zijazo ina njia yake. Katika Thorner v Major ya 2009, David Thorner alifanya kazi kwenye shamba la binamu ya baba yake kwa takriban miaka 30 bila malipo, akitegemea ishara na maneno ya pembeni ya mzee asiyependa kusema mengi. Alipewa shamba. Je, apewe alichoahidiwa au afidiwe alichopoteza? Vitabu vya wanafunzi huandika jibu kana kwamba limetulia. Mwaka 2022, katika Guest v Guest, majaji wa Mahakama ya Juu ya Uingereza waligawanyika watatu kwa wawili juu ya swali hilo hilo. Wengi walianza na ahadi, wachache wakaanza na hasara. Mimi naelemea kwa wachache, kwa sababu ahadi ya shamba zima inaweza kuzidi mno kile mtu alichokipoteza. Lakini miaka 30 ya ujana unaipimaje? Hapo hoja yangu hudhoofika, na sina namna ya kuitengeneza.

Kwa hiyo, ukija kwangu na jambo la in pais, usianze kwa kuomba radhi kwamba huna mkataba. Niletee waliosikia, risiti za ulichotumia, ujumbe wa simu, na tarehe ambayo mwenzako alijua unachofanya. Hiyo tarehe ndiyo nitakayoiulizia kwanza.