Milioni 100 za usajili haziingii hesabuni kwa mkupuo

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, mashabiki huuliza: klabu imenunua mchezaji kwa pauni milioni 100, inakuwaje haijavunja kanuni za fedha, zile zinazoweka kikomo cha hasara? Wanadhani kiasi chote kinahesabiwa kuwa gharama ya mwaka huo. Sivyo.

Ada ya uhamisho hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Mkataba wa miaka mitano unaifanya milioni 100 iwe gharama ya milioni 20 kwa mwaka, hata kama fedha taslimu zililipwa zote siku ya kwanza. Baadhi ya klabu zilipoanza kutoa mikataba ya miaka saba au minane ili kupunguza makali, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, mwaka 2023 iliweka ukomo wa miaka mitano wa kugawanya ada, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata.

Kwenye kuuza ni kinyume: faida, yaani bei ya kuuza ukiondoa sehemu ya ada ambayo bado haijahesabiwa, huingia yote mara moja. Na mchezaji aliyelelewa na klabu yenyewe hana ada iliyobaki vitabuni, kwa hiyo karibu kila senti ni faida. Hapa ndipo panaponiuma, maana kanuni zilizowekwa kuzilinda klabu zinazisukuma kuwauza vijana wao.

Tarehe nayo ina uzito. Nottingham Forest walimuuza Brennan Johnson, zao la akademi yao, kwa Tottenham Septemba 2023. Hesabu zilikuwa zimefungwa Juni 30. Faida ikaangukia mwaka uliofuata, Forest wakapita kiwango cha hasara walichoruhusiwa cha pauni milioni 61, na Machi 2024 wakakatwa pointi 4.